Bibi ana TB: mjukuu amuuguze, ndugu mtu mzima aje, au twende na kituo?

Jumapili jioni kaka alinipigia. Salamu zilikuwa fupi kuliko kawaida yake, nikajua kuna jambo. Mama mkwe wake, anayekaa nao Chanika tangu mwaka jana, makohozi yamepimwa na yamekutwa na TB. Dawa wameshapewa. Kilichomsumbua kaka ni ratiba: yeye anatoka saa kumi na moja alfajiri, wifi yangu yuko stendi na vitumbua vyake mpaka saa nne, akitoka hapo anazunguka kutafuta mchele na mafuta ya kesho. Anayerudi nyumbani mapema, na anayejua bibi anataka uji mzito au mwepesi, ni binti yao wa miaka 13, darasa la saba.

"Si anaweza tu kumwangalia bibi yake?" kaka akaniuliza. "Nimuombee ruhusa shule wiki mbili tatu. Miezi sita inakwisha."

Nilimwambia nitampigia kesho. Usiku ule nikakaa na daftari, kurasa mbili zinazotazamana, nikaandika njia zote upande huu na gharama zake upande ule. Nimeyapanga upya hapa kwa sababu najua kaka si peke yake.

Kwanza, tunaogopa kitu gani?

Ingia nyumba nyingi zenye mgonjwa wa TB. Kikombe chake kimefungwa uzi kwenye mkono, sahani yake inakaa peke yake juu ya kabati, kijiko hakiguswi na mtu. Usiku ukiingia, mjukuu yuleyule aliyekatazwa kugusa kikombe anapanda kitanda kimoja na bibi, dirisha limefungwa kwa ajili ya mbu, shuka moja. Tunatenga vikombe, tunachanganya vitanda.

TB ya mapafu inasafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, hata akiongea, anatoa vijidudu vinavyoelea, na aliye karibu anavivuta. Havipandi kwenye sahani vikakusubiri, havikai kwenye khanga, havipiti kwa kushikana mikono. Kwa hiyo ukitaka kujua mtoto yuko hatarini kiasi gani, hesabu saa anazopumua hewa moja na mgonjwa, halafu angalia chumba chenyewe: kina dirisha linalofunguka au ni boksi?

Dawa nazo zinabadilisha hesabu. Zikianza kufanya kazi, mgonjwa anapunguza kuambukiza haraka. Wahudumu wengi watakwambia wiki mbili za mwanzo ndizo za kujihadhari zaidi, mradi anameza kila siku na TB yake si ile sugu, isiyosikia dawa za kawaida. Lakini kuna jambo ambalo familia hazipendi kulisikia. Siku za hatari kuliko zote zimeshapita. Ni ile miezi ambayo bibi alikuwa anakohoa tukasema ni vumbi la Chanika, tukamkorogea tangawizi na asali, na mjukuu analala ubavuni kwake.

Ndiyo maana swali la kwanza nililomuuliza kaka nilipompigia Jumatatu lilikuwa: watoto wamepimwa? Hawakuwa wamepimwa. Ana huyu wa 13, ana wa tisa, na kitinda mimba wa miaka miwili. Huyo wa mwisho ndiye aliyenitisha. Watoto wa chini ya miaka mitano wakiambukizwa wanaugua upesi na vibaya zaidi, na wakikutwa hawana TB wanapewa dawa za kinga. Wifi alinijibu kwamba wote wana kovu la BCG begani. Sawa, chanjo ile inasaidia sana kumkinga mtoto mdogo na TB kali, ile ya ubongo kwa mfano, lakini kovu si kibali cha kulala na anayekohoa. Jumanne asubuhi wote watatu walikuwa kwenye benchi la kituo cha afya.

Njia ya kwanza: mjukuu

Hapa nitakaa kidogo, maana nimewahi kuwa huyo mjukuu.

Mwaka 2009 nilikuwa darasa la sita, Muheza, nyumbani kwa bibi. Mjomba alirudi kutoka kwenye vibarua vya kupakia machungwa akiwa amebaki mifupa. Wakati ule mambo yalikuwa yamebadilika. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza 1977, na Daktari Karel Styblo alijengea hapa Tanzania utaratibu wa kumsimamia mgonjwa ambao baadaye dunia iliuiga. Kwa miaka mingi utaratibu huo ulimtaka mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu wa afya. Kuanzia 2006 mgonjwa akaruhusiwa kuchagua: amezee kituoni, au amezee nyumbani mbele ya msimamizi aliyemteua mwenyewe. Ni mabadiliko mazuri, yamewaondolea watu wengi safari na nauli. Ila mlango huohuo ndio mtoto anaupitia kuingia kazini bila jina lake kuandikwa popote.

Kadi ya mjomba iliandika msimamizi ni bibi. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Vidonge nilihesabu mimi, kila asubuhi vitatu, navimwaga kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia ili visidondoke kwenye mkeka, nampa na kikombe cha maji, namtazama koo mpaka limeze. Halafu nakimbia shule na fimbo ya kwanza ya mwalimu wa zamu inanisubiri getini.

Siku ya pili au ya tatu mjomba aliniita nyuma ya choo, akanionyesha mkojo wake kwenye kopo. Ulikuwa mwekundu kama juisi ya rozela. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu na macho yake yalikuwa ya mtoto. "Usimwambie bibi," akasema. "Dawa hizi zinanichana ndani." Sikumwambia bibi. Sikumwambia mtu yeyote. Kwa siku nne niliendelea kuhesabu vidonge vitatu kwenye kifuniko na kwenda kuvifukia chini ya mgomba, kwa sababu niliamini ninamwokoa.

Rifampisini, moja ya dawa nne za mwanzo, inageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa au nyekundu. Ni kawaida kabisa. Nesi alikuwa amelisema jambo hilo siku ya kwanza, nikiwa nimesimama palepale, lakini alikuwa anaongea na bibi juu ya kichwa changu na mimi nilikuwa nasoma bango la ukutani. Tulibahatika: bibi alisikia kikohozi kimerudi na nguvu, akambana, mambo yakatoka. Mjomba alipona. Bado anapakia machungwa.

Kwa hiyo nikiulizwa mtoto anaweza? Anaweza. Anaamka bila kuitwa, hachoki kuombwa maji, ana huruma kuliko sisi. Mwaka 2009 huohuo, watafiti Morten Skovdal na Vincent Ogutu walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa Bondo, magharibi mwa Kenya, waliokuwa wanauguza watu wazima wenye UKIMWI, na walionyesha kwamba watoto wale hawakuwa wahanga tu. Wengine walijivunia kazi ile, wakajijengea watu wa kuwasaidia pale kijijini. Nawaamini. Hata mimi nilijivunia. Lakini kujivunia mzigo hakuufanyi uwe wa saizi yako.

Kinachomshinda mtoto ni kuwa mwenye neno la mwisho. Bibi akisema "leo sinywi, tumbo linawaka", mjukuu wa miaka 13 atamwambia nini? Katika malezi yetu mtoto hambishii mkubwa. Msimamizi wa dawa, kazi yake yote ni kumbishia mgonjwa siku mbaya. Umempa mtoto kazi ambayo adabu uliyomfundisha inamkataza kuifanya.

Shule je? Darasa la saba mtihani wa taifa uko Septemba. Ruhusa ya "wiki mbili tatu" ninayoijua mimi haina mwisho. Mgonjwa akipata nafuu, nyumba inakuwa imeshazoea kwamba yupo mtu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na inaweka 14 kuwa umri wa chini wa kazi nyepesi, isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Sisemi mtu ashtakiwe kwa mjukuu kumpelekea bibi uji. Nasema tu kwamba hata waliotunga sheria waliona kuna mstari.

Njia ya pili: ndugu mtu mzima ahamie

Wifi ana mdogo wake Singida, ana miaka 31, anauza vitunguu sokoni. Ukimlinganisha na mjukuu kwa upande wa dawa, hakuna mashindano. Atasema, "Mama, meza nikuone," na mama atameza. Nesi akieleza, anaelezwa yeye. Macho ya mama yakigeuka manjano, miguu ikianza kuchoma na kufa ganzi, kuona kukififia, anajua kwamba hayo si ya kusubiri tarehe ya kliniki, anampeleka siku hiyohiyo.

Naye pia anavuta hewa ileile, tusijidanganye. Lakini anaweza kujilinda kwa namna ambayo mtoto hawezi: anaweza kusema "mama, tukae nje chini ya mwembe", anaweza kulala chumba kingine bila kuonekana hana upendo, anaweza kumwambia mama avae barakoa watu wakiwa ndani. (Barakoa za kitambaa na zile za bluu za duka la dawa zinafaa zaidi akizivaa mgonjwa, zinazuia kinachotoka. Mjukuu kuivaa huku bibi akikohoa wazi ni kufunga mlango na kuacha dirisha.) Jambo moja la kuuliza kabla hajapanda basi: ana ujauzito, ana kisukari, ana VVU na bado hajatulia kwenye dawa? Kinga yake ikiwa chini, chagueni mwingine.

Bei yake iko wapi? Iko sokoni Singida. Meza ya vitunguu ikifungwa miezi sita, mteja anahamia meza ya pili na harudi. Ndiyo maana familia zinasema "haiwezekani" na kumgeukia mtoto, ambaye muda wake hauna bei. Hapo ndipo hesabu yangu ilipogeuka. Nani kasema lazima iwe miezi sita? Matibabu ya TB ya kawaida yana awamu mbili: miezi miwili ya dawa nne, kisha miezi minne ya dawa mbili. Ile miwili ya mwanzo ndiyo yenye homa, kichefuchefu, kuzoea vidonge na kuambukiza. Kumwomba mtu mzima wiki nane ni ombi tofauti kabisa na kumwomba nusu mwaka. Wiki nane kundi la ukoo la WhatsApp linaweza kuzichangia. Tulichanga, na hata mjomba wa Muheza alituma elfu kumi bila kukumbushwa.

Njia ya tatu: kituo na mhudumu wa afya wa jamii

Watu wanaisahau hii kwa sababu haina sura ya ndugu. Bibi akiwa anatembea, na zahanati ikiwa jirani, anaweza kwenda kumeza palepale asubuhi na kurudi. Dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure, na nyumba inabaki na kazi moja tu ya kumlisha. Kwa mgonjwa anayeishi na watu wasiomudu kumbishia, njia hii ni bora kuliko zote.

Upo pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Tanzania ilizindua mpango mpya wa kuwaajiri hawa Januari 2024. Kenya walitangulia Septemba 2023, waliposambaza wahudumu zaidi ya 100,000 na mikoba yao. Anaweza kuja kuona vidonge vimebaki vingapi, kuandika majina ya watoto wa kupimwa, kumkumbusha mgonjwa tarehe. Hakai. Hapiki uji, hamshiki bibi mkono usiku. Ukimpanga kama mbadala wa muuguzaji, siku ya tatu utalalamika. Ukimpanga kama jicho la pili juu ya muuguzaji, hutajuta. Laiti mtu mmoja angepita kwetu Muheza na kuhesabu vidonge, mgomba ule usingekula dozi ya siku nne.

Tatizo la njia hii ni umbali na macho ya majirani. Kaka alisema wazi: hataki mtu mwenye fulana ya afya aonekane akiingia kwake kila wiki. Nilimuuliza, na mtoto atakayekuwa anaficha siri hiyo shuleni miezi sita, huyo haonekani?

Njia ambazo nilizifuta upesi

Kulazwa. Wengi wanaotibiwa TB hawahitaji kitanda cha hospitali. Kitanda ni cha aliyezidiwa, au mwenye tatizo jingine kubwa. Hata TB sugu, ambayo zamani ilimaanisha safari ya hospitali ya Kibong'oto kule Siha na miezi ya kukaa huko, siku hizi sehemu kubwa inatibiwa mgonjwa akiwa kwake. Ila ikiwa ni sugu, mazungumzo yote haya ya mjukuu yafungwe mpaka wataalamu waseme.

Kuwapeleka watoto kwa shangazi mkoani. Yaani kwangu, au kwa mwingine kama mimi. Wazazi wanaona wamewaokoa. Lakini mtoto aliyelala na mgonjwa miezi miwili akihamishwa bila kupimwa, huenda anauhamisha ugonjwa kwenye nyumba nyingine, na huko hakuna anayejua kwa nini anakonda. Apimwe kwanza. Kama nyumba ni chumba kimoja na hakuna sebule ya kutandika godoro, basi kumpeleka kwa jirani alale tu, arudi asubuhi, kunatosha kwa wiki zile za mwanzo.

Kazi kwa kazi

Nilipofika hapa niliona swali la "nani amuuguze" lilikuwa limekaa vibaya. Mjukuu atamsaidia bibi yake utake usitake. Ukimfukuza mlangoni ataingia kwa dirishani. Kinachochaguliwa ni kazi ipi iwe yake.

| Kazi | Mjukuu wa miaka 13 | Mtu mzima |
|---|---|---|
| Kulala chumba cha mgonjwa | Hapana, wiki za mwanzo | Ikibidi, dirisha wazi |
| Kuosha vyombo, kufua nguo za kawaida | Sawa kabisa | Sawa |
| Kopo la makohozi | Hapana | Lina kifuniko, linamwagwa chooni. Mikono inaoshwa |
| Kusema "umeze" na kuhesabu vidonge | Kukumbusha saa tu | Ndiye anayejibu |
| Kwenda kuchukua dawa | Hapana | Ndiyo, asikilize mwenyewe |
| Kumwogesha, kumpeleka chooni | Hapana. Ni aibu kwa wote wawili | Ndiyo |
| Kumpelekea uji, kupiga naye stori nje | Ndiyo, na asiharakishwe | Akipata muda |

Mstari wa kuosha vyombo ndio uliomshangaza wifi zaidi. Alikuwa amempangia mama yake beseni lake na sponji yake, na binti hana ruhusa ya kuligusa. Nikamwambia lirudi jikoni. Mgonjwa anayeona kikombe chake kimefungwa uzi anajua amehukumiwa, na mgonjwa aliyehukumiwa anaacha dawa.

Mstari wa mwisho nao usidharauliwe. Nje, kwenye hewa na jua, umbali wa hatua mbili, mjukuu na bibi wanaweza kukaa. Bibi anayeachwa peke yake ndani wiki nane hali vizuri, na asiyekula, dawa zinamgeuka tumboni.

Ugonjwa ukiwa mwingine, ukurasa unageuka

Ukiwa unasoma hili na mgonjwa wako hana TB, usichukue jedwali langu kama lilivyo.

Akiwa na VVU, hewa si tatizo hata kidogo. Mtoto alale naye, ale naye sahani moja, amfulie. Palipo na kidonda au damu, glavu. Kama hazipo, mfuko safi wa plastiki mkononi na sabuni baadaye. Na mgonjwa anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo, haambukizi kwa ngono. Mzigo wa mtoto hapa ni wa aina nyingine: dawa ni za maisha, hakuna mwezi wa sita wa kusubiri, na mara nyingi yeye ndiye peke yake anayejua. Kwenye TB ningechagua kwanza nani alale wapi. Kwenye VVU ningechagua kwanza ni mtu mzima gani wa pili atakayeambiwa, ili mtoto awe na wa kumwendea. Magonjwa haya mawili hupenda kutembea pamoja, ndiyo maana kila anayekutwa na TB anashauriwa kupima VVU. Bibi wa Chanika alipima.

Kipindupindu ni kinyume cha vyote. Hakina miezi, kina saa. Hewa ni salama. Ndoo ndiyo hatari, na shuka, na mikono. Mtoto asiguse matapishi wala kinyesi, asifue nguo hizo, asishike chakula cha wengine. Kumuuguzia mtu kipindupindu nyumbani si chaguo la kulinganisha: koroga ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, anywe njiani kuelekea kituoni. Kazi ya mtoto ni moja, kukimbia kumwita mkubwa.

Na ikiwa ni homa za kutoka damu, kama Marburg iliyotokea Kagera 2023 na tena 2025, hakuna anayeuguza nyumbani, mkubwa wala mdogo. Huguswi, hugusi, unapiga 199, namba ya simu ya dharura za afya.

Tulivyoamua

Nilimwambia kaka: changanya ya pili na ya tatu, wiki nane. Mdogo wake wifi aje, mhudumu wa mtaa aandikwe, na binti abaki shule. Baada ya hapo bibi mwenyewe atakuwa na nguvu; vidonge atavimeza mbele ya wifi kabla hajabeba ndoo ya vitumbua, saa kumi alfajiri kama ni lazima, na binti abaki na uji wa saa tisa na stori.

Kaka alinung'unika juu ya mhudumu. Kisha akasema basi aje jioni, giza likiingia. Nikamwachia hilo, siwezi kushinda yote kwa simu moja.

Mama mdogo alifika Ijumaa na gunia la vitunguu, kwamba asije mikono mitupu. Godoro la binti limehamia sebuleni. Wa miaka miwili ameanza dawa za kinga, anazitema nusu, wanaanza upya. Na kabla hawajalala niliomba nipewe binti kwenye simu. Nilimweleza yote, taratibu, yeye mwenyewe, si juu ya kichwa chake: hewa, dirisha, wiki mbili, na kwamba mkojo wa bibi utakuwa mwekundu na asiogope.

Jumapili asubuhi nikakuta ujumbe kutoka kwenye simu ya wifi, ila mwandiko si wa wifi. "Shangazi shikamoo. Bibi amekojoa nyekundu akalia. Mama mdogo alikuwa bombani. Nimemwambia ni dawa tu, akauliza nimejuaje, nikasema shangazi alishaiona."